Sijambo Iliyokaribia Kuniua

Ndugu zangu, hasa ninyi wazee mliowafuata watoto wenu hapa Birmingham mkapokewa kwa kandambili mpya na kuonyeshwa kochi la kukaa: naitwa Hamisi, mtu wa Tanga, fundi redio mstaafu. Kikundi chetu cha wazee kinachokutana Northfield kimetutaka kila mmoja aandike alivyougua na alivyopona, ili wengine wapate moyo. Wenzangu wana magonjwa yenye heshima. Mmoja katolewa figo. Mwingine aligongwa na basi, akazindukia hospitali akiuliza nani kashinda mechi. Mimi niliugua nikiwa nimekaa, kwa hiyo msitegemee mambo makubwa.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa ndani. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza ufundi kwa mjomba wangu, nikaweka meza dirishani kwetu Ngamiani, na tangu siku hiyo sikuona sababu ya kwenda popote. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba ukitaka kumficha Hamisi kitu, kiweke ng'ambo ya barabara. Harusi nilikwenda zile za lazima. Ufukweni nilifika mara chache, na mara zote nilikuwa wa kwanza kuuliza tunarudi lini.

Lakini mtu wa ndani wa Tanga si mpweke. Nilikaa ndani, dunia ikaja dirishani. Mtu alileta redio yenye nyaya zilizokatika, nikailehemu kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, naye akakaa mpaka adhuhuri. Wengine walileta redio nzima kabisa. Nilikuwa nazifungua, nazipuliza vumbi, nazifunga, tunaendelea na maneno. Chakula kikiiva, aliyekuwepo alinawa mikono. Mimi nilidhani napenda kukaa nyumbani. Kumbe nilikuwa napenda watu, ila sikupenda kuwafuata.

Mke wangu alipofariki, binti yetu Zuhura akasema, "Baba, njoo ukae na mimi." Zuhura ana miaka mingi hapa. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, anawaogesha, anawalisha, anawavalisha soksi. Ana binti mmoja, Nasra, anayenielewa Kiswahili kila neno na kunijibu Kiingereza kila neno. Wanakaa Ladywood, ghorofa ya tisa. Nikaja. Watu wa uhamiaji, Mungu awape afya, hawakuniuliza kama natoka nje.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilipewa chumba, blanketi la umeme na rimoti. Asubuhi Zuhura anakwenda kazini, Nasra shule, mimi nabaki na dirisha. Nalo ni dirisha kubwa kuliko la Ngamiani, tatizo ni kwamba liko ghorofa ya tisa. Aliyekuwa akija kupiga hodi pale ni njiwa tu, naye hakuwa na redio. Kwa mbali, upande wa Winson Green, nilijua kuna jela. Siku moja nikahesabu kwamba wafungwa kule wana mtu wa kuzungumza naye chumbani, na wanatolewa nje kunyoosha miguu. Wananishinda kwa mawili.

Sasa ugonjwa. Ulianza mdomoni. Sisi mafundi wa zamani tulikuwa tukipima betri kwa ncha ya ulimi, tukiona inachoma tunajua ni nzima. Nikaanza kuamka na ladha ile ile, ya betri iliyovuja, na kila nilichokula kikawa na ladha hiyo. Pilau, betri. Chai, betri yenye sukari. Kisha nikafunga choo. Siku zilipita sijakwenda, na nikienda natoka na jasho kama niliyebeba gunia. Miguu ikawa mizito. Kifuani nikahisi kama mtu mnene amekaa, hasogei, hasemi, anasubiri basi. Usingizi ukanikimbia, na ule mchache uliokuja ulikuja saa za mchana, nikiwa nimefungua mdomo mbele ya kipindi cha watu wanaouza nyumba zao.

Nilianza kusali nimekaa. Nikajiambia ni magoti. Kisha nikawa nakusanya sala, kisha sikukusanya. Kuoga nikakusogeza mpaka Ijumaa, na Ijumaa nayo nikaisogeza. Suruali zikaanza kunivuka, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, nikajisifu kwamba ufundi haujapotea.

Nyumbani hakuna aliyeshtuka, na siwalaumu. Mtu wa kukaa ndani akipatwa na ugonjwa wa kukaa ndani, nani atajua? Nasra aliulizwa na mama yake kama babu ametoka leo, akajibu kwa Kiingereza chake kwamba babu amekaa tu, ndivyo babu alivyo. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeugua ugonjwa unaofanana na mimi.

Kwa daktari nilikwenda. Zahanati iko karibu, hata mimi nilifika. Daktari ni mama wa makamo, mpole, ana sauti ya kubembeleza. Akaniuliza kwa Kiingereza, hali yangu ikoje leo. Nikamjibu kama mwalimu wangu wa kidato cha kwanza alivyotukaririsha: mimi ni mzima, ahsante sana daktari, na wewe je? Akasema naye mzima. Kisha mimi nikanyamaza, nikimngoja aulize tena.

Hapa ndipo kosa lilipo, na ninyi wasomaji wangu mtalielewa haraka kuliko daktari yeyote. Kwetu, mtu aliyefiwa na mama yake alfajiri, ukikutana naye njiani, utamuuliza habari, atakujibu nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Za tangu juzi? Salama tu, ila mama katutoka. Hiyo "ila" ndiyo mlango wa nyumba. Yale ya kabla yake ni kufagia uani. Basi mimi nilifagia uani, nikasimama na ufagio, nikimngoja mama wa watu aje mlangoni. Yeye akaona ua ni safi, akaridhika. Akanipima presha, akakuta imepanda, akaandika vidonge na kusema nivimeze pamoja na chakula. Nikamshukuru. Nikarudi kochini.

Mara ya pili nilikwenda na Zuhura, maana alianza kuona mashavu yangu yanaingia. Daktari akauliza kuhusu choo. Nikamtazama Zuhura, Zuhura akatazama bango la ukutani. Kuna mambo baba hamwambii binti yake hata kama binti huyo anashinda akiwabadilisha nepi wazee wa watu. Nikasema choo hakina neno. Wakanitoa damu. Majibu yakaja kwamba nimepungukiwa na vitamini ya jua. Maisha yangu yote nimekaa chini ya paa, jua halikunipungukia mpaka lilipokuwa halipo.

Baada ya hapo nilizidi. Zuhura alikuwa akiniachia chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, anachotaka ni nikipashe moto tu. Nilikuwa nakipasha, nakiweka mezani, nakitazama. Sikuwa nimewahi kula peke yangu katika maisha yangu, na sasa ilinibidi nianze nikiwa mzee na mdomo una ladha ya betri. Kwetu anayekula peke yake ama ni mchoyo ama ni mgonjwa. Sikutaka kuwa mchoyo. Jioni Zuhura anauliza, "Baba, umekula?" Najibu, "Nimekula, mwanangu, ahsante." Na vile vidonge vya presha, kwa kuwa vilitaka chakula, navyo nikaviacha. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo.

Chakula nilikitia kwenye mfuko, nikashuka nacho mpaka kwenye mapipa ya chini. Hiyo ndiyo safari yangu pekee ya siku. Na ndivyo nilivyokutana na Bwana Choi.

Bwana Choi ni Mkorea, anakaa ghorofa ya kumi na moja, mjane kama mimi. Tulikuwa tumeonana kwenye lifti miezi mingi. Mnajua salamu za lifti za hapa: unainamisha kidevu, kisha nyote mnasoma tangazo la moto. Yeye alikuwa akiinama zaidi kidogo kuliko Waingereza, nami nikawa namjibu kwa kuinama, mpaka ikawa kama mashindano. Maneno hatukuwa nayo.

Siku hiyo niliingia lifti na mfuko wangu wa pilau, nikamkuta ndani. Akainama, nikainama. Labda alichoka na ukimya. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, kinacholingana na changu, "Umekula?"

Baadaye alinieleza kwamba kwao hiyo ni salamu. Wazee wa Korea walipitia njaa kubwa ya vita, na tangu hapo wakikutana huulizana hivyo. Jibu lake ni "nimekula, na wewe?" hata kama hujaona punje. Ni sijambo yao. Lakini mimi sikujua. Kwa "hujambo" nina majibu ya kurithi kutoka kwa babu. Kwa "umekula" kutoka kwa mwanamume nisiyemjua, ndani ya lifti, sikuwa na jibu lililopangwa. Nikasema kweli.

"Hapana."

Akageuka akanitazama. Nadhani katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu juzi."

Akatazama mfuko wangu. Lifti nzima ilikuwa inanukia bizari. "Na hicho nini?"

"Chakula."

"Unakipeleka wapi?"

"Kukitupa."

"Ni wali?"

"Ni wali."

Tukafika chini. Mlango ukafunguka, ukakaa wazi, hakuna aliyetoka. Bwana Choi akaunyakua mfuko mkononi mwangu kama askari anayechukua bangi, akabonyeza kumi na moja, na mlango ukajifunga. Njia nzima ya kupanda nilimwona anatikisa kichwa na kuutazama mfuko, na midomo yake inasema maneno ya Kikorea ambayo nashukuru siyajui.

Mlangoni kwake akavua viatu, nami nikavua, kila mmoja akaona mwenzake kavua bila kuambiwa. Sebuleni hakuna kochi. Alikuwa ametandika mkeka wa umeme sakafuni, wenye joto kama jiwe lililoshinda juani, na meza fupi ya kukalia chini. Nikakunja miguu. Tangu nije nchi hii nilikuwa nimekaa kwenye viti mpaka magoti yamesahau. Akapasha pilau la binti yangu, akaligawa sahani mbili, akaweka katikati bakuli la kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Akaniambia, "Haina nguruwe. Ina samaki." Kisha akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akaonekana ameridhika.

"Nimekuzidi miaka miwili. Mimi kaka. Kula."

Nikala. Si kwa njaa, kwa kuamriwa. Tonge la kwanza lilikuwa betri. La pili nikalichovya kwenye ile kabichi, na pilipili ikapanda puani, masikioni, mpaka utosini. Kamasi zikanitoka, machozi yakafuata. Kamasi zikaisha, machozi yakaendelea. Nikamwambia pilipili yake ni kali.

"Hii si kali," alisema, hajaacha kutafuna. "Kama hii mke wangu alikuwa anawatengenezea wageni wazungu."

Nikaendelea kulia, naye akaendelea kula, akanisogezea karatasi za kufutia bila kunitazama. Huo ndio ulikuwa uungwana wake, na sijasahau. Nilipomaliza sahani nilikuwa na ladha moja tu mdomoni, nayo ni pilipili. Betri ilikuwa haipo.

Kisha akaniambia yake. Alimfuata mwanawe, mhandisi. Mke wake akafia hapa, na mwaka uliofuata mwanawe akahamishwa kikazi kwenda mji mwingine. Bwana Choi akabaki na Kiingereza cha sokoni. Kifua kikaanza kumwaka moto, moto wa kweli, anasema alikuwa akifungua dirisha wakati wa theluji. Hospitali wakampiga picha moyo, wakamtia mpira wa kamera tumboni, hawakuona kitu. Mwanawe alipopiga simu alimjibu amekula, amelala vizuri. Kwao kuna jina la ugonjwa huo, wa uchungu na hasira alizomeza mtu mpaka zikawa makaa, lakini hakumtajia daktari jina hilo kwa sababu hakuulizwa.

"Kwetu wazee hawana huzuni," alisema. "Wana tumbo."

"Kwetu wana presha," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. Mwishowe, alisema, mama mmoja wa kanisani kwao alimburuta kwa daktari na kumsemea. Akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye. Moto ukapungua, haukuzimika.

"Wewe ulimwambia nini daktari?"

"Nilimwambia sijambo."

"Mara ngapi?"

"Kila aliponiuliza."

Akasema kesho tunakwenda. Nikaleta visingizio: mvua, magoti, nafasi hazipatikani. Akasema kwao mdogo habishani na mkubwa. Nikamwambia hata kwetu. Nikawa nimejifunga mwenyewe.

Nafasi haikupatikana kesho yake, ilipatikana wiki iliyofuata, na katika wiki hiyo nilipanda kumi na moja kila mchana na bakuli langu. Siku ya zahanati Bwana Choi alivaa tai. Daktari, safari hii, alikuwa ametafuta mkalimani kwa simu, akaiweka simu mezani ikitoa sauti. Mkalimani alikuwa kijana wa Kikongo.

"Jambo, muzee wangu. Habari ya kwako?"

"Nzuri, baba. Habari za huko?"

"Huku muzuri tu. Bibi na watoto?"

"Hawajambo wote."

Mke wangu ni marehemu, jamani. Nilijibu hivyo hivyo. Daktari akakohoa kidogo, akamwambia mkalimani amuulize mgonjwa hali yake. Mkalimani akaniuliza, "Muzee, docteur anauliza, uko aje leo?" Na mdomo wangu huu, usiosubiri ruhusa, ukasema, "Sijambo, namshukuru Mungu." Mkalimani akafasiri. Daktari akageukia kompyuta, akaanza kuandika.

Nilisikia vile vidole vyake vinagonga, nikajua anachoandika. Anaandika kwamba huyu mzee ni mzima. Nitainuka, nitashukuru, nitarudi kochini, na safari ijayo nitakuja nimebebwa. Bwana Choi hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa vidole. Aliweka mikono juu ya magoti, akanitazama kama anavyonitazama nikiacha wali kwenye sahani.

Nikasema, "Ngoja kwanza. Hiyo ilikuwa salamu. Mwambie aniulize tena."

Kisha nikamsikia kijana anamfasiria, pole pole, na akamwongezea ya kwake, kwamba daktari, kwa watu wetu jibu la kwanza ni heshima tu, si jibu. Sikumwomba aseme hivyo. Sikuwahi kumwona sura. Daktari akaacha kuandika. Akageuza kiti chake kizima, akanielekea.

"Mzee Hamisi, hali yako ikoje?"

Nikamwambia. Nilianza na choo, maana kilikuwa karibu. Nikaja kifua, mdomo, miguu, usingizi. Nikasema nimeacha vidonge vya presha, nimeacha kula, nimeacha kuoga, nimeacha kusali. Nikasema kuna siku nilisimama dirishani, nikaona kwamba nisipokuwepo Zuhura atapata chumba kimoja zaidi, na wazo hilo halikunitisha, lilinipendeza kama hesabu iliyokubali. Hilo sikuwa nimelisema hata kwa Bwana Choi. Mkalimani alilifasiri kwa sauti ndogo. Nilipomaliza mgongo wa shati ulikuwa umelowa.

Daktari hakushtuka, au alishtuka kiofisi. Akanipima presha, akasema imefika mahali ambapo kiharusi kingenikuta kochini wakati wowote. Akauliza kuhusu lile wazo la dirishani, kama linakuja mara kwa mara, nikamjibu kweli. Akasema huu ni ugonjwa, una jina na una dawa. Mkalimani akahangaika na jina, akasema ni "ugonjwa wa mawazo mingi". Sisi tunaita sonona. Nililijua neno hilo redioni. Nilidhani ni la watu waliosoma.

Jioni nikamweleza Zuhura, kwa sababu daktari alinitaka nimweleze, na Bwana Choi aliahidi kushuka kuhakikisha. Zuhura alikuwa amesimama na koti la kazi.

"Kwa hiyo nilipokuuliza umekula?"

"Nilikuwa sijala."

"Na chakula?"

"Mapipani."

Akakaa chini, koti mwilini. "Baba, mimi kutwa nawalisha wazee wa watu kwa kijiko, nawabembeleza, fungua mdomo kidogo tu bibi. Wa kwangu nyumbani anatupa pilau kwa adabu."

Alilia, nikakaa karibu yake. Nasra akatoka chumbani akauliza kwa Kiingereza nini kimetokea, kisha akaongeza kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika kama redio isiyoshika mawimbi, "Babu, wewe umwa?" Nikamwambia ndiyo, mjukuu wangu, babu anaumwa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo nyumbani, na dari haikuanguka.

Kupona hakukuwa kwa haraka. Vidonge vya mwanzo vilinikausha mdomo, vikanitetemesha mikono, wiki za kwanza hali ikawa mbaya kuliko nilivyoanza, nikataka kuviacha. Daktari alikuwa ameshanionya, kwa hiyo nikavumilia kwa ukaidi. Alikuwa akinipigia simu, na Zuhura alilala kwenye kochi nje ya mlango wangu mpaka lile wazo la dirishani likaacha kuja. Choo kilifunguka kwa papai na maji, nalo ni tukio ambalo lingestahili kadi ya mwaliko. Nilipelekwa kwa mwanamke wa kuzungumza naye kila wiki. Nilidhani nitamchosha, kumbe analipwa. Northfield nilikwenda kwa kulazimishwa, nikakaa karibu na mlango, nikauliza tunarudi lini. Sasa hivi mwenye ufunguo wa ukumbi ni mimi, msiniulize ilikuwaje. Mkanda umerudi kwenye tundu lake la zamani. Nikaanza kusali nimesimama, kisha nimeinama, kisha magoti yakakubali kusujudu, nayo yakalalamika kwa sauti.

Mwaka mpya wa Kikorea ulipofika, Bwana Choi hakushuka na hakuitika simu. Nikapanda. Akafungua mlango kidogo.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula."

"Umekula?"

"Nimekwambia nimekula."

"Umekula, kaka?"

"Kwetu hatuulizi mara tatu," alisema kwa ukali.

"Kwetu mara tatu ndiyo tunaanza."

Akaacha mlango, akarudi ndani. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya supu ya samaki yenye vipande vya keki ya mchele, nyeupe, laini, zinavutika kama ulimbo. Imejaa mpaka juu, haijaguswa. Mwanawe alikuwa aje na watoto, akapiga simu kwamba kazi imembana. Bwana Choi alimjibu hakuna neno, nina wageni, nimekula. Tangu hapo alikuwa amekaa kwenye mkeka, moto umerudi kifuani, fulana imelowa, na dirisha liko wazi kwenye baridi ile.

Nikamuuliza supu hii ni ya nini. Akasema, bila hamu, kwamba kwao hii ndiyo inayomwongezea mtu umri. Ukila bakuli siku ya mwaka mpya umetimiza mwaka mmoja zaidi. Usipokula, umebaki pale pale.

"Na akila mabakuli mawili?"

"Hiyo mizaha ya watoto."

Nikajipakulia. Zile keki zinataka meno, na yangu ni ya kuhesabika, lakini nilikula la kwanza, nikaenda la pili. Kufikia la tatu tumbo lilikuwa ngoma na jasho linanitiririka shingoni. Yeye alikuwa ananitazama, hajui kama daktari nimwite mimi au amwite yeye. Nikaweka kijiko.

"Ulinizidi miwili," nikamwambia. "Nimekula mitatu, na wewe hujala hata mmoja. Sasa mkubwa ni mimi. Mpigie mwanao umwambie kweli."

Akasema neno la Kikorea, si zuri, akanyoosha mkono akachukua simu. Sikuelewa walichozungumza. Nilisikia sauti yake ikianza ya kawaida, kisha ikasimama, kisha ikatoka nyingine, nyembamba, ya mtu asiyevaa tai. Upande wa pili ukapiga kelele moja fupi, kisha ukawa unasikiliza. Nikatoka kwenda kusimama nje, karibu na lifti, maana kuna mambo baba humwambia mwanawe bila fundi redio kuwepo. Mwanawe alifika siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, na Bwana Choi akarudishwa kwa daktari wake. Anaendelea vizuri. Anasema mabakuli yale hayahesabiki, lakini hajanipa amri tangu siku hiyo.

Ninayo shukrani kwa daktari aliyegeuza kiti, kwa kijana wa Kikongo nisiyemjua jina, kwa Zuhura na Nasra, kwa Bwana Choi, na kwa Mungu aliyeniwekea Mkorea kwenye lifti nilipokuwa nimeishiwa na jamaa. Ushauri wangu ni mfupi. Wazee, fagieni uani, ni desturi nzuri, lakini mkifika kwa daktari fungueni mlango wenyewe, wale watu hawajui kupiga hodi. Watoto, msiondoke na jibu la kwanza la baba zenu. Na mtu wa ndani akiwa kimya ndani, pandeni mkamwone, hata kama hana redio ya kutengeneza.

Mimi leo hali yangu ni hii. Usiku nimelala, si sana. Goti la kushoto linauma. Jumanne nilikuwa na siku mbaya, yule mtu mnene alikuja akakaa kifuani mpaka alasiri, nikamwambia Zuhura, akachelewa kazini kwa ajili yangu, na hakuna aliyekufa. Vidonge nimemeza. Choo nimekwenda. Habari nyingine ni nzuri.